Kamba ya Mama na Matairi Mapana

Gari letu la kwanza tulilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, wakati Nyeri nzima ilikuwa ikinunua viti na makabati ya watu waliokuwa wakiondoka. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, jeupe la kuchakaa, na uzee lilikuja nao. Mume wangu alikuwa karani wa chama cha wakulima wa kahawa, mimi nilishona nguo sokoni. Jumamosi ya kwanza alilipitisha mjini polepole mno, mkono nje ya dirisha, hadi nikamwambia, "Wee baba watoto, endesha! Hatupeleki maiti."

Mimi si mtu wa Nyeri. Nilizaliwa upande wa pili wa mlima, mbele ya Embu, na kwetu jua huzama nyuma ya mlima. Hapa linachomozea huko. Nimezaa hapa, nimezeeka hapa, na bado kuna asubuhi naamka nione mlima uko mahali si pake. Wakati huo nilikuwa bado msichana, na hamu ya kwetu ilikuwa ikinishika hata nikiwa nimeinama kwa cherehani, bila sababu.

Mama alikuwa amebaki peke yake huko. Alikuja Nyeri kwa basi kumwona mtoto wetu wa kwanza, na siku ya kuondoka nikamkuta amepiga magoti mbele ya gari. Alikuwa msusi wa viondo, vile vikapu vya kwetu, na kamba ya mkonge haikumtoka mfukoni. Aliivuta kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya lile lingine, akapiga fundo huku na fundo kule, akairudisha mfukoni. Mume wangu alisimama mbali, kwa ukuta wa jikoni, maana kwetu na kwao pia mkwe humheshimu mama wa mke wake kwa kukaa mbali naye. Hamgusi, hamkodolei macho, na wakiwa na la kusema hulipitisha kwa mtu mwingine.

"Muulize anapima nini," akaninong'oneza.

"Muulize wewe," nikamjibu, kwa sababu nilijua hawezi.

Habari ikatufikia baadaye. Kati ya barabara na boma la mama kulikuwa na kijito, na watu walivuka kwa kurukia mawe. Mama alikuwa ameangusha mikaratusi yake miwili, wanaume wa kanisa lake wakaichonga bapa upande wa juu, na magogo yale yakalazwa juu ya kijito kwa kipimo cha ile kamba. Majirani walicheka wakashika mbavu. Ati mwanamke ambaye hana hata baiskeli anajenga daraja la gari! Walikuwa walewale waliomwambia, nilipoolewa mbali, kwamba amenitupa na hataniona tena.

"Ni la gari ya binti yangu," akawajibu. "Nitaipandia hapa mlangoni, na nyinyi mtakuwa mmesimama hapo."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Kufika Nyeri alikuwa ameshafika. Alitaka kupandia gari mlangoni kwake.

Tungeenda mara moja, lakini kulikuwa na mtoto, halafu mtoto mwingine, halafu injini. Na hapo katikati mume wangu akashikwa na ugonjwa wa rimu. Siku za Pasaka magari ya mashindano yalikuwa yakipita Nyeri yakitimua vumbi, na wanaume wazima waliacha kazi zao kusimama kando ya barabara na midomo wazi. Wangu aliporudi hakula. Kumbe ameona rimu, kile chuma cha gurudumu kinachovaa tairi. Zilikuwa pana, zenye matundu, za kung'aa, zimetokeza nje ya mwili wa gari. Haikupita miezi mingi akawa amezipata zake kwa fundi mmoja mjini, akaziosha kwa sabuni yangu ya kuogea.

Basi yakabaki matairi. Nilikwenda naye dukani, nikiwa nimeshajitayarisha kugombana.

"Weka yale ya zamani," nikasema. "Bado yako na meno."

Muuzaji akacheka. "Mama, rimu pana inataka tairi pana. Ukiivalisha nyembamba, kona ya kwanza tairi inachomoka, mnabaki na chuma."

"Na magogo ya mama?"

"Gogo ni gogo," akasema mume wangu. "Gari itapita."

Wacha nikwambie, gari lilipendeza. Nisiseme uongo. Lilisimama kama mtoto aliyevaa viatu vya babake, lakini lilipendeza, na watu mjini waligeuka kuliangalia, na mimi ndani yake nikakaza shingo. Ila tukipakia mizigo matairi yalikwaruza chuma cha juu, na penye tope jekundu liliteleza ovyo, maana tairi pana laini halishiki udongo wetu, linaelea tu.

Desemba tukaenda. Tulipita Karatina na Sagana, tukanunua ndizi Kutus, na kutoka Embu mimi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nilikuwa nikinusa kwetu. Tulipokata kona ya mwisho nikawaona ng'ambo ya kijito, akina mama wa kanisa wamejipanga wakiimba, na mama mbele yao na leso mpya kichwani, sanduku lake miguuni. Tulikuwa tumepanga arudi nasi kwa ubatizo wa mtoto.

Mume wangu akashuka, akaangalia magogo, akaangalia matairi. Akarudi akaangalia tena. Tairi la kushoto likikaa juu ya gogo lake, lile la kulia lingekuwa na nusu yake hewani. Nyimbo zikapungua, zikaisha. Nilisikia mtu mmoja nyuma akicheka kwa pua.

Mama akaitoa ile kamba mfukoni, akaifungua, akaitazama, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Akaikunja. Akachukua sanduku lake mwenyewe, akavuka magogo yake kwa miguu, akaingia kwa gari.

"Magogo ni mazuri hata kwa kutembea," akaniambia.

Mimi nililia njia nzima, na sikuficha.

Aliporudi kwao baada ya ubatizo, alirudi kwa basi, kwa kutaka kwake. Nyumbani kukawa moto. "Toa hizo rimu," nikimwambia mume wangu. Naye, "Nitatoa." Hatoi. Jumapili ikifika ameziosha tena. Nilimwita majina ambayo siyaandiki hapa, watoto wangu wanasoma.

Halafu mguu wa mama ukavimba. Ujumbe ulikuja kwa mtu wa basi: hawezi kutembea, anafaa kupelekwa hospitali, na wanaume wa kanisa wametaka kumbeba hadi barabarani amekataa. Ametuma neno moja tu. Atatoka pale kwa gari, ama hatoki.

Nikakaa chini kwa stuli ya cherehani. Nilijua mama. Hatatoka. Na mkwe wake hangeweza kumgusa, achilia mbali kumbeba mgongoni juu ya maji. Ingekuwa aibu ambayo wote wawili wangekufa nayo.

Mume wangu akatoka nje. Rimu za zamani zilikuwa zote nne kwetu, mimi ndiye niliyezitunza kwa kuzitumia. Moja ilikuwa chini ya pipa la maji, mbili zilikalia mabati ya banda la kuku, na ya nne kuku alikuwa akilalia mayai ndani yake. Nilimwona kupitia dirishani akimnyanyua yule kuku kwa mikono miwili, polepole, akamhamishia kwa kikapu na mayai yake yote. Halafu akainama na jeki, akaanza kuzing'oa zile pana. Hapo nikampenda, Ngai, Mungu wangu, nikampenda kuliko siku ya harusi.

Matairi yale ya zamani yalikuwa yamekwisha kupasuka kwa jua. Tukarudi kwa muuzaji yuleyule. Akatuonyesha aina mbili za nyembamba: mapya yenye uso laini, mazuri ya lami, na mengine yaliyovishwa mpira upya, yenye meno makubwa, ya sura mbaya kabisa.

"Chagua wewe," mume wangu akaniambia.

Mimi nichague tairi! Nikapitisha vidole kati ya yale meno, vikazama. Nikafikiria kile kilima cha udongo baada ya kijito, kilivyokuwa wakati wa mvua. "Haya," nikasema. "Haya mabaya."

Tulipofika, mama alikuwa amekalishwa kwa stuli mlangoni, mguu umefungwa. Kabla hatujasogea, akamtuma jirani na kamba. "Wapime kwanza!" akapaza sauti. Mume wangu akapiga magoti kwenye tope na suti yake, akashika fundo moja, mimi lingine. Katikati hadi katikati.

Gari likavuka. Likapanda kile kilima bila kuteleza, likasimama mlangoni. Akina mama wakamwinua mama wakamweka nyuma, nikakaa kando yake. Wale majirani wote walikuwa wamesimama hapo, kama alivyowaambia. Hakuwaangalia hata kidogo.

Tulipokuwa katikati ya magogo akanigusa goti. "Mwambie asimame."

Nilimwambia. Akasimama. Roho yangu ilikuwa mkononi, maana chini hakukuwa na kitu ila maji. Mama akafungua kioo.

"Sikiliza," akasema.

Tukasikiliza maji. Kisha yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu, akasema, "Asante, mwanangu. Sasa twende." Pale Kutus mume wangu alisimamisha gari, akashuka, akapangusa kioo kisichokuwa na uchafu, kwa muda mrefu.

Mama alivuka kwa gari mara hiyo moja tu. Alifia Nyeri, na aliporudi, lori lilimshusha barabarani, wanaume wa kanisa wakambeba mabegani juu ya magogo yale.

Mume wangu naye amekwenda. Gari liliuzwa vipande. Mwaka jana kijana wangu alinipeleka kwetu kwa gari lake jipya, kubwa, matairi manene. Tulipofika penye kijito nilimwambia asimame. Kuna lami sasa, na maji yanapita ndani ya bomba chini yake, huyasikii. Nikashuka, nikaitoa ile kamba ya mama kwa mkoba, nikainama mbele ya gari lake na magoti yangu haya. Fundo halikufika hata mwanzo wa tairi la pili.

"Hili lako lisingevuka," nikamwambia.

Akaangalia barabara mbele, akaangalia nyuma. "Kuvuka wapi, Mami?"