Mzee wa Makaa Alinizuia Kuzima Stima

Uongo unataka akili, na mimi shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo haya niliyaona. Wewe kaa tu usikie.

Mimi ni mwangalizi wa ploti, nyumba za kupanga, huku mtaa wa Free Area. Kwetu koili ya stima ya kupikia ni marufuku, inakula stima sana. Nikiona mita inakimbia, nazima swichi kubwa, na mwenye koili anajitokeza mwenyewe akilalamika. Kuna mama aliwahi kuificha ndani ya debe la unga... wacha hiyo.

Jioni hiyo ya mvua mita ilikimbia kama inafukuzwa na mbwa. Nikajua ni Nekesa wa chumba cha mwisho, msichana wa chuo. Dirisha lake lilikuwa limejaa mvuke. Kumbe ni joto la kompyuta! Alinieleza baadaye: alikuwa akiihesabisha jinsi moto mkali kama wa jua, wenyewe wanauita plazma, unavyoweza kushikwa na sumaku, uzunguke kama pete bila kugusa ukuta. Ukigusa ukuta, moto wenyewe unazimika. Hesabu ilikuwa imeenda siku nyingi, na stima ikipotea inaanza upya. Asubuhi alitakiwa kutuma jibu, la sivyo nafasi yake ya masomo ng'ambo ingeenda kwa mwingine.

Mimi ningejuaje? Nikanyoosha mkono kwa swichi.

"Bosi, wacha."

Mzee amesimama kando yangu, ovaroli nyeusi kwa makaa, mvua ikimpiga inageuka mvuke. Niamini.

"Koili hairuhusiwi, mzee," nikasema.

"Koili gani? Mjukuu wangu ameshika moto bila kuugusa. Mimi niliugusa."

Akanishika mkono polepole, kama mtu anayemtoa mtoto kwa jiko. Kiganja chake hakikuwa na mistari. Wewe ungekimbia? Mimi nilibaki hapo. Tukasimama hivyo hadi Nekesa akapiga kelele ndani: "Imeshika! Haijagusa ukuta!" Mzee akacheka kidogo, na mkono wangu ukabaki umeshika hewa.

Nilipomweleza Nekesa, alikaa chini kwa matope akalia. Babu yake alikuwa akitia makaa kwenye injini ya gari moshi. Siku moja bomba lilipasuka, moto ukamrukia, hakurudi nyumbani.

Nekesa sasa yuko ng'ambo, anasomea huo moto. Mimi mkono huu alioushika mzee haujapoa hadi leo. Baridi ya Julai akina mama huniletea watoto niwapashe vidole, lakini maziwa sibebi, yanachacha kabla sijafika mlangoni.

Kwa hivyo wewe unayezimia watu stima, bisha mlango kwanza, uulize. Mimi nilishikwa kwa upole. Wewe hujui utashikwa na nani.