Shati Kwenye Swichi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja vinanitoka jasho. Nilikuwa msichana, nimesimama uani pa karakana yetu kule Kawangware 46 na brashi ya rangi mkononi, nikiangalia kamba ya nguo. Palikuwa na shati la buluu la kaka yangu Wafula, limefuliwa, linachuruzika maji. Nguo safi kwenye kamba si kitu cha kumtisha mtu. Mimi nilitishika, na sababu yake ndiyo ninayotaka uisikie kabla hujarudi kazini.

Nakuambia wewe kwa sababu juzi umepewa usimamizi wa mafundi wa stima kwenye zile ghorofa zinazojengwa Soweto East. Nilipiga vigelegele hata majirani wakatoka nje. Ulipoondoka nikakaa na chai yangu mpaka ikapoa, nikiwaza. Sitakuficha: kazi yako inanipa fahari, na pia inanipa hofu.

Karakana ilikuwa ya Mzee Odhiambo. Upande mmoja walikaa mafundi wa kuchomelea vyuma, Wafula akiwa mmoja wao, na mimi nikipaka rangi milango na madirisha waliyoyamaliza. Upande wa pili alipanga Kamau, fundi wa mbao, na mashine yake ya randa. Stima tulitumia moja, na swichi kubwa ilikuwa moja, kwenye ukuta wa katikati. Nyaya zilikuwa za kuungaunga, haipiti wiki bila mahali kuungua, na Wafula ndiye aliyekuwa akipanda darini kuzitengeneza.

Sasa, tulikuwa na desturi yetu. Anayezima stima ili ashike nyaya, anavua shati lake la kazi na kulitundika juu ya swichi. Ukiona shati, unajua kuna mtu huko juu, wala hugusi. La Wafula lilikuwa limejaa masizi na matundu ya cheche, nasi tulimtania kwamba siku moja litakwenda kazini peke yake na kumwacha amelala. Hakuna aliyejua desturi hiyo ilianza na nani. Tuliikuta, tukaizoea, na hatukuwahi hata kuizungumzia.

Wiki hiyo alikuja mama mpya wa kupika chai na kufagia, Mama Achieng', ambaye alitembea kwa miguu kila asubuhi kutoka Gatwekera. Alikuwa mtu mwema, na mikono yake haikujua kukaa bure. Akiona sufuria imeshika masizi, anaisugua. Akiona shati chafu limening'inia ukutani, analifua, tena kwa sabuni yake mwenyewe. Ndivyo alivyofanya.

Nilipoliona kwenye kamba niligeuka upesi kutazama swichi. Ukuta ulikuwa mtupu, na Wafula nilikuwa nimemwona akipanda darini, wala hajashuka. Na Kamau alikuwa anatoka upande wake, akijipangusa vumbi la mbao, anaelekea hapo hapo. Alikuwa na meza za shule za kumaliza, na tangu asubuhi alikuwa akinung'unika kwamba anacheleweshwa. Sasa aliona ukuta hauna kitu, akadhani Wafula ameshamaliza na kushuka.

Nikamwita. Nikamwita tena. Majirani zetu walikuwa wafuaji wa masanduku ya bati, na nyundo zao hazikuacha nafasi ya sauti ya mtu yeyote. Kamau hakugeuka. Nilitupa brashi nikakimbia, nikakanyaga mlango uliolazwa chini na rangi yake mbichi, na kichwani nilikuwa tayari namwona mama yetu kule Bungoma akipokea habari, nami nikijiuliza nitamwambia kwa maneno gani. Kamau alikuwa ameshashika mpini wa swichi nilipomvaa kiunoni. Tukaanguka wote wawili.

"Wewe Nekesa, uko sawa kweli?" akafoka. "Ona vile umenipaka rangi!"

"Wafula ako huko juu!"

"Juu wapi? Si shati haiko!"

Ndipo sauti ya kaka yangu ikatoka darini, tulivu kabisa, ikiuliza kama kuna mtu amemwekea chai. Nililia, mwanangu. Nilikaa pale chini vumbini nikalia kwa sauti, na Kamau alipoelewa, akaitazama mikono yake mwenyewe.

Hofu ikiisha, hasira hutafuta wa kumwangukia. Mafundi walimgeukia Mama Achieng', kila mmoja na neno lake, na maneno mengine siwezi kuyarudia mbele yako. Yeye alikuwa amesimama kando ya kamba, shati limeshikwa kifuani, maji yanamlowesha.

"Mimi niliona iko chafu," akasema. "Nikasema wacha niwasaidie."

Mzee Odhiambo alikuja polepole, akawatazama wote, mimi nikiwa pale chini bado.

"Nani alimwambia huyu mama hiyo shati ni ya nini?"

Wafula alidhani nimemwambia mimi. Mimi nilidhani mzee amemwambia. Kamau alidhani hayo ni mambo ya watu wa vyuma, hayamhusu. Mzee akasema, "Na mimi sikumwambia, na ni mimi nilimwandika kazi. Sasa hiyo shati ilikuwa inaongea na nani?"

Akamgeukia mama wa watu. "Pole sana, mama. Sisi ndio karibu tuue kijana, si wewe."

Tangu kesho yake, kabla ya mashine yoyote kuwashwa, tulisimama wote na vikombe vyetu vya chai, na kila mtu akasema atakuwa wapi na atashika nini. Mwingine alilazimika kurudia alichosikia, na mara nyingi mzee alimchagua mgeni kuliko wote. Mwanzoni tulicheka. Kamau alisema tumegeuzwa watoto wa nasari. Lakini akaanza kutuambia siku zake za kupima na kukata kwa mkono, asizohitaji stima, na Wafula akapanga kupanda darini siku hizo, na yale manung'uniko ya kila asubuhi yakaisha. Mimi nikajua mlango upi unasubiriwa na mteja, nikaacha kupaka kwanza milango ya wiki ijayo. Na asubuhi moja Mama Achieng', ambaye zamani angenyamaza kwa kujiona mpika chai tu, akasema ukuta wa nyuma unanuka kama plastiki inayoungua. Tukabomoa ubao, tukakuta waya umeanza kuyeyuka. Hebu fikiria karakana ile imejaa mbao, na huyo mama amenyamaza.

Sasa wewe na watu wako mna kikundi kwenye simu. Ulinionyesha. Unaandika kwamba stima inawashwa ghorofa fulani, na chini yake vidole gumba vinajipanga. Mwanangu, hivyo vidole ndivyo vinavyoninyima raha. Kidole kinaonyesha simu imeshikwa, hakionyeshi kwamba mtu ameelewa. Na yule ambaye bando limeisha? Na yule kibarua aliyekuja leo asubuhi, ambaye hata hamjamwingiza kwenye kikundi, ameingiza mikono wapi saa hiyo?

Kwa hiyo nakusihi. Ukiwa na neno la kazi, liseme kwa mdomo, usoni, na umwombe mtu akurudishie alivyolisikia. Anza na yule aliyekuja mwisho, maana wa zamani wamezoea mengi mpaka hawakumbuki kwamba mgeni hayajui. Alama zenu mnazozijua nyinyi, mwambie na sababu zake, asije akakufulia shati kwa wema. Usidhani mwingine amesema, uliza. Na mtu akikuletea habari mbaya, usimfokee, hata kama imekuharibia siku nzima, kwa sababu ukimfokea mara moja, ya pili hutaisikia mpaka balaa limeshaanguka. Najua mafundi wako wana haraka na watakucheka. Waache wacheke, wakiwa wazima.

Wafula sasa ni mzee, ana wajukuu, na bado akija kwangu husema mlangoni amekuja na nani, ataketi wapi na ataondoka saa ngapi. Wajukuu wake wanaona ni vituko vya uzee. Mimi nasimama pale mlangoni na kumrudishia kila neno.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe watu wa kukuuliza uko wapi, na akupe moyo wa kuwauliza wao. Alinde kila mkono utakaoshika waya chini yako. Na jioni ukifika nyumbani, usinitumie kidole. Nipigie, nisikie sauti yako.