Mzimu Uliokwangua Viatu

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Walikosea. Ulijualo ndilo giza lenyewe.

Juzi mama aliingia chumbani kwangu mchana kweupe, simu mkononi, akafunga mlango kwa ndani, akatumbukiza ufunguo kifuani.

Nikajua nimekwisha.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mimi natunga hadithi na kuziweka mtandaoni. Mapenzi, usaliti, visa vya mama mkwe, hayo nayamudu. Mzimu ndio ulionitoa jasho. Wa kwanza nilimpa macho mekundu na kucha ndefu. Msomaji mmoja akaniuliza anapakwa rangi saluni gani. Wa pili nikamvika sanda, akapiga mayowe. Watu wakacheka hadi basi.

Nikang'amua: nilikuwa nawatisha watu kwa vitu nisivyoviogopa mwenyewe.

Basi nikamwandika kaka yangu.

Tulimwita Brashi. Alikuwa fundi rangi, akaanguka kutoka kwenye ngazi, hakuamka tena. Kwenye hadithi nilimrudisha nyumbani kila jioni: hasemi, haonekani, anakwangua tu soli za viatu kwenye kizingiti, kru, kru, na harufu ya rangi mbichi inaingia ndani.

Mwili ulinisisimka nikiwa naandika.

Kazi ikawa kummaliza. Nikafanya kama wafanyavyo wote: akaombewa, akafukuzwa, mlango ukatulia. Sifa zikamiminika.

Ndipo mama akaja.

Nikaanza kujitetea kwamba sikutaja jina la mtu. Hakunisikiliza. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Hiyo kru, kru umeisikia wapi?"

"Nimetunga tu, mama."

"Mimi nilikuwa naisikia kila jioni tangu tumzike. Sijamwambia mtu, wasije wakasema nimerukwa na akili."

Akaifungua hadithi yangu kwenye simu.

"Tangu uiweke hiyo hadithi yako, kimya." Akanisogezea simu. "Umemfukuza mwanangu. Mrudishe."

Nikamwambia hayo ni maneno tu. Akasema kama ni maneno tu, basi hayatanigharimu kitu.

Niliandika huku ameniinamia begani. Nikafuta maombi. Nikafuta kufukuzwa. Nikaacha mlango umerudishwa tu, bila komeo. Nikatuma.

Tukasubiri hadi jioni, jua likazama.

Sisemi uongo: mimi sikusikia kitu.

Lakini mama aliinua kichwa. Akachomoa ufunguo, akafungua, akaelekea mlango wa mbele, akasema kwa ule ukali wake wa zamani:

"Kwangua vizuri. Nimeshadeki."

Sasa wasomaji wananiandama. Mzimu gani hauondoki? Hadithi gani haina mwisho? Mmoja ananitaka niombe radhi kwa kumpotezea muda.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujaufukuza mzimu, uliza kwanza ni mtoto wa nani.

Brashi haondoki. Na radhi siombi.