Wazimu Wangu wa Siku Tatu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani Bulla Pesa, nilipatwa na wazimu kwa siku tatu. Niliupanga mwenyewe.

Mjomba alikuwa amekuja kutoka Oldonyiro kutafuta msichana wa kumchungia mbuzi. Mama alikubali niende mimi, niache shule. Binamu yangu Nakiru, yatima niliyelala naye kitanda kimoja, ndiye aliyenikatia kipande cha sabuni ya kufulia. Nikakitafuna, povu likanitoka, nikaanguka uani, nikaongea na ukuta. Nililia, nikacheka, nikalia tena. Na kila nilipomaliza kilio nilifungua jicho moja kidogo, nione nani ananitazama.

Nyanya alikuja kutoka Ngaremara, rozari shingoni. Aliketi kando yangu, akangoja mpaka wengine wakatoka.

"Akai," akasema polepole, "kama ni mchezo, wacha leo. Hii ugonjwa ukiiita, inakuja. Ikikukosa, inachukua mwenye amelala karibu na wewe."

Niliugeukia ukuta, nikaendelea kuuongelesha.

Basi akaitwa emuron, mganga wetu sisi Waturkana, yule anayeonyeshwa ndotoni mbuzi wa rangi gani atamponya mgonjwa. Aliota mweusi asiye na doa. Nyanya alikuwa na mmoja tu wa namna hiyo. Akachinjwa, na majani mabichi ya tumboni mwake nikapakwa toka kwenye paji la uso hadi kitovuni, yakiwa bado na joto. Kesho yake nilipona. Mjomba hakutaka tena msichana mwenye kasoro, akamchukua Nakiru. Alipanda lori la mifugo bila kusema neno juu ya sabuni.

Niliyesema ni mimi. Baada ya wiki chache niliwasimulia watoto wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, kwa madoido, nikawafundisha hata namna ya kuanguka. Habari ikawafikia mama zao, kisha ikamfikia mama yangu, naye akanichapa kwa mwiko. Mtaa ukacheka kwa muda mrefu.

Mvua zilipofika, Nakiru alirudishwa. Alikuwa haongei na mtu ila nafsi yake. Hakula. Alichukua viatu vyote vya nyumba, akavipanga mlangoni, akavivuruga, akavipanga tena. Mjomba alisema ni uvivu, hataki kurudi kwenye mbuzi. Majirani walisema nimemfundisha mimi.

"Hii mchezo tunaijua," mama alimwambia Nakiru. "Unataka tuue mbuzi ngapi?"

Hapa ndipo aibu yangu inapokaa. Katika ploti ile nzima, mimi peke yangu nilikuwa na ujuzi wa kumtambua. Nilimchunguza kutwa, nikingoja afungue jicho moja aone nani anamtazama. Hakumtazama mtu. Alilia tukiwepo, alilia tukiondoka, kilio kilekile. Nilijua, na nilinyamaza, kwa sababu kama wazimu wake ulikuwa wa kweli, basi neno la nyanya lilikuwa limetimia, na aliyeuita ugonjwa ni mimi. Wakamchapa ili aache. Sikusema. Siku moja akaondoka kwa miguu mpaka Ngaremara. Nyanya alimwamini papo hapo, lakini emuron aliota mbuzi mweusi asiye na doa, na zizini hakukuwa na mwingine; Nakiru akabaki kwake hivyohivyo.

Miaka mingi baadaye, chuoni, tulisoma tamthilia ya kale ya tanzia. Mwana wa mfalme anajifanya mwendawazimu ili alinde roho yake; msichana aliyempenda anarukwa na akili kweli, na anakufa maji. Mhadhiri akauliza tutajuaje wazimu upi ni wa kweli. Wenzangu walitaja lugha, nyimbo, mizani iliyovunjika. Mimi napenda mizani kuliko wengi wao, lakini sikunyosha mkono. Nilikuwa namwona Nakiru mlangoni. Jumba lile zima la mfalme lilikuwa limeshughulika kumpeleleza anayejifanya, hata likachelewa kumshika mkono aliyekuwa anazama.

Likizo ilipofika nilikwenda Ngaremara, nikamwambia nyanya yote: sabuni, jicho moja, na kwamba kuhusu Nakiru nilijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa anatunga ushanga, hakuinua kichwa.

"Yako nilijua ni mchezo," akasema.

Nikamuuliza kwa nini basi alimtoa mbuzi wake.

"Na kama ningekuwa nimekosea?"

Sijui kama ugonjwa huitika ukiitwa. Ninajua kwamba mimi niliaminiwa na mtu aliyekuwa na shaka, na Nakiru akakosa kutetewa na mtu aliyekuwa na hakika.

Nilipogeuka, Nakiru alikuwa amechukua viatu nilivyovua mlangoni. Alivipanga kando ya vyake, akavisogeza mpaka visigino vikalingana, bila kuinua macho kuona kama namtazama.