Simu ya mchumba wa mume wangu wa zamani

Jamani, nisomeni hadi mwisho.

Msichana amenipigia kutoka mji wa Columbus, hapa hapa nchini. Anaolewa Jumamosi na yule tuliyeachana naye.

"Dada, samahani. Ni kweli alifungwa kwa kukupiga?"

Bon, basi, nikamweleza yote. Alinivunja mkono, korti ikamfunga.

Akasema ametafuta jina lake kwenye intaneti, hakuona kitu. Nchi hii majina ya wabakaji yanaanikwa kwenye orodha ya wazi mtandaoni, lakini ya wanaopiga wake zao, hapana! Donc, kwa hiyo, ilibidi aniulize mimi.

"Lakini anasema ameokoka, dada."

Kabla sijajibu, nikasikia sauti ninayoijua: "Unaongea na nani?"

Msichana akamjibu haraka, "Na mama." Akakata.

Nimempigia tena na tena. Simu imezimwa.

Mlio Columbus, niandikieni inbox. Nani anaweza kwenda kumwona leo?