Sindano Kwenye Kisigino Changu

Kijana wa picha za eksirei hospitalini alinilaza mara tatu. Mara ya kwanza akasema, "Bibi, labda umekuja na kitu kwenye soksi, vua." Nikavua. Mara ya pili akaleta spiriti, akapangusa kibao anachowekea mguu, kisha akasugua kisigino changu kama mtu anayesugua sufuria lililoungua. Akanilaza tena. Mara ya tatu akapiga kwa upande mwingine wa mguu. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi, nimetoka mtaani kwetu Mushasha kwa mguu huohuo unaouma, sijanywa hata chai, halafu mtoto wa umri wa mjukuu wangu ananigeuza kama andazi kwenye mafuta.

"Bibi," akasema mwishoni, "iko sindano humu."

"Sindano ya daktari?"

"Hapana, ya kushonea. Nzima. Iko kando ya mfupa wa kisigino. Ulikanyaga lini?"

Nikamuuliza tundu lake la uzi likoje. Akacheka, akadhani ni mzaha wa uzee. Akainua ile picha dirishani akasema, bon, haya, ni refu na jembamba. Basi hapo hasira ilinipanda mpaka nikasahau njaa. Kwa sababu sindano ile naijua. Niliitwa mwizi wake.

Ngoja nikueleze, maana watu wa siku hizi hawajui kofia ilikuwa inatoka wapi. Sisi ni watu wa mjini Muyinga, mtaa wa Waswahili, karibu na msikiti. Bibi yangu alishona kofia kwa mkono, zile za bafta nyeupe zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, na wasichana wote wa ukoo tulikaa naye kwenye mkeka barazani. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama uliotiwa tangawizi, na tangawizi ya Muyinga ya zamani ilikuwa kali, si hii ya sasa inayonukia tu. Jirani akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, sisi tunashona, na bibi anatuambia tufuate mlio wa mchi tusichelewe. Mpaka leo nikisikia mtu anatwanga, vidole vyangu vinajikunja vyenyewe.

Sindano zilikuwa saba. Zililetwa na mfanyabiashara kutoka Kigoma, fupi, nyembamba kama unywele, tundu lake refu na jembamba, na hapa kwetu hazikupatikana. Bibi alikuwa na kitambaa chekundu cha kuzichomekea, na mtu hainuki mkekani kabla hajarudisha yake. Hata mkojo ukubane, rudisha kwanza. Alikuwa akisema, "Kofia ikiharibika nitafumua. Sindano ikipotea, nitafumua nini?"

Mimi nilikuwa nakaribia kumaliza kofia yangu ya kwanza. Bibi alishasema atakayemaliza kabla ya Idi atakaa mkono wake wa kulia, afundishwe kukata bafta na kupima vichwa vya wateja. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa hivi, na sikutaka kitu kingine duniani. Binti wa shangazi yangu alikuwa nyuma yangu kwa mistari miwili. Mistari miwili tu.

Siku hiyo mvua ilishuka ghafla. Bafta zilikuwa zimeanikwa uani, tukaruka wote kuzianua, na ndiyo mara pekee kitambaa chekundu kiliposahaulika. Nikiwa nakimbia nilisikia kitu kimenichoma kisiginoni. Sikusimama. Nani atasimama bafta zinalowa?

Mvua ilipokatika, sindano zilikuwa sita. Iliyokosekana ni yangu.

Mkeka ulikung'utwa, majivu ya jikoni yakachekechwa, kuku wakafukuzwa. Binti wa shangazi akasema, "Anayo yeye. Nimeona anaichomeka kwenye kanga yake." Kanga ikakung'utwa, nikavuliwa mbele ya wote. Nikalia, nikasema kisigino kinaniuma. Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo ninapochoka. Uani kwetu kulikuwa na mbuzi, na palipo na mbuzi na udongo mwekundu funza hawakosi. Kila mtoto alikuwa nao. Akisema mguu unauma, hakuna anayeuliza zaidi. Bibi alinishika mguu, akachukua pini, akachokoa, na kweli akatoa funza, mnene kama punje ya mchele. Akamwonyesha kila mtu.

"Huyu hapa aliyekuwa anakuuma," akasema. Akanimwagia mafuta ya taa, akarudi kutafuta sindano yake kwenye majivu.

Aliushika mguu wangu mkononi mwake! Laiti angekosa yule funza, angeendelea kuchokoa.

Sikukaa tena mkekani. Nilipelekwa jikoni kukaanga maandazi, na maandazi ndiyo yaliyonilea hadi leo: Muyinga, kisha vita vilipotufukuza, kambi ya wakimbizi Tanzania, sasa hapa Gitega. Madrasa niliiacha kwa kuchechemea, wakisema navuta mguu kwa uvivu. Herufi hizi ninazoandika nilifundishwa kambini nikiwa mama wa watoto. Silii juu ya maandazi, yamesomesha wanangu. Lakini mikono yangu ilikuwa ya kofia.

Amani iliporudi nasi tukarudi. Bibi alikuwa amezikwa tukiwa ugenini.

Basi nilichukua ile picha kwenye bahasha yake kubwa, nikapanda gari mpaka Muyinga. Mwanangu alinikataza, akasema daktari ameagiza nipumzike. Nikamwambia nimepumzika vya kutosha. Binti wa shangazi bado yuko, kwenye nyumba ileile, bati jipya. Alinikumbatia, tukapeana habari za waliokufa, akanipa ndagala, dagaa wa ziwani, na ubugari, ugali wetu wa muhogo. Nilikula kwanza, sikufichi. Kisha nikaitoa picha nikaishika mlangoni penye mwanga.

"Tazama. Sindano ya bibi. Sikuiba."

Aliitazama muda mrefu, akasogeza macho, akafuata ile sindano kwa ukucha. Nilingoja. Nilikuwa nangoja aniombe msamaha tangu nikiwa na meno ya utoto.

"Si nilisema unayo wewe!" akapiga makofi. "We dada! Nilisema, wakanibishia!"

"Ulisema umeona naichomeka kwenye kanga."

"Kanga, mguu, mi nitakumbuka aje? Ulikuwa nayo. Sikusema uongo."

Na akacheka, wallahi, akaita wajukuu waje waone mguu wa bibi yao wa Gitega. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kofia inashonwaje. Walivaa za dukani, za mashine, vitundu vyote sawasawa. Nikawauliza kitambaa chekundu kiko wapi. Wakaniuliza, kitambaa gani?

Nilikwenda makaburini peke yangu. Kaburi la bibi walikuwa wamenielekeza nyumbani kwa kukisia, huenda ni hili, huenda ni lile lenye majani. Nikaitoa picha, nikaiinua juani juu ya lile la kwanza. Halafu nikahamia la pili nikaiinua tena, huku kisigino kinanichoma, nikiona haya na nikiwa na hasira, maana sikujua ni yupi kati ya hao wawili aliye bibi yangu, anayeona.