Maneno ya Bubu

Giaboksi ya basi letu ilikata roho kilomita mbili kabla ya mji nisioujua, tukaingia kwa miguu, abiria kumi na saba, tukiburuta mizigo kando ya reli iliyoota majani. Kondakta alituahidi kwamba kipuri kingefika kesho yake. Alikuwa akiitazama mikono yake aliposema hivyo, nikajua ni siku tatu.

Mtu wa kwanza kuzungumza nami alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo aliyekaa barazani na tepu shingoni. Hakuniuliza natoka wapi. Aliniuliza, "Wewe ni wa nani?"

Nikadhani anauliza ukoo. Akanyoosha mkasi kuelekea bango lililokuwa ukutani nyuma yake: wanaume wanne, suti moja. "Kati ya hawa."

Niliwafahamu. Ni filamu za jasusi mmoja, zinatengenezwa tangu sijazaliwa. Jasusi mwenyewe hazeeki. Wanaozeeka ni waigizaji, na kila baada ya miaka kadhaa anatafutwa mwingine wa kuivaa ile suti. Nimesikia watu wakiwagombania waigizaji hao vinyozini, kwenye foleni za mipakani, na mara moja wodini, kati ya wagonjwa wawili wenye dripu. Wa kwanza, anayepigana, ana watu wake. Wa pili, anayetabasamu, ana watu wake, hasa akina mama. Wa nne, kijana anayeruka mapaa, ana wanafunzi wote. Wa tatu hana mtu. Alicheza filamu mbili tu, akiongea kama mwenye jino bovu, kisha akaondolewa. Kokote nilikopita sikuwahi kukutana na mtu wa huyo wa tatu.

"Wa kwanza," nikasema, kwa kuwa ndilo jibu lisiloleta ugomvi.

"Pole, baba," akasema yule mama, akimgusa wa tatu kwa ncha ya mkasi. "Hapa sisi ni wa Bubu."

Alasiri hiyo nilienda kuona kulikoni. Ukumbi wa sinema ulikuwa bohari ya zamani ya reli. Ukutani bado imeandikwa MIZIGO MIZITO TU, na watazamaji hukaa kwenye mabenchi ya stesheni, yale ya mbao yenye vyuma vya kumzuia mtu asilale. Kushoto kwa pazia jeupe, kwenye kiti cha mkuu wa stesheni, alikaa mwanamume mwembamba wa miaka sitini hivi, ameshika kipaza sauti kilichovikwa soksi ya kijivu. Wanamwita Sauti. Filamu zinakuja kwa lugha ya huko zinakotoka, na pale mjini anayeijua ni yeye peke yake. Kwa hiyo yeye ndiye anayesema kila kitu: jasusi, adui wa jasusi, mwanamke, mbwa. Sauti ya filamu yenyewe hupunguzwa hadi ibaki kama mazungumzo ya chumba cha pili. Wa kwanza alimpa koo la kishindo, wa pili alimsemea kama mtu anayemung'unya peremende. Bubu alimpa sauti yake mwenyewe.

Ilikuwa filamu ya pili ya Bubu. Lugha ile naijua, nimeifanyia kazi miaka mingi, na filamu zote mbili za Bubu nilishaziona, nikawa nasikiliza sikio moja kwenye filamu, jingine kwenye soksi. Pakafika mahali Bubu anaingia katika jumba la tajiri, anampita mtunza bustani anayekata maua, anamwambia, "Habari za asubuhi." Mtunza bustani anatikisa kichwa. Sekunde nne, basi. Lakini kwenye kipaza sauti mtunza bustani alipaliwa na kilio. "Bosi! Umerudi kweli!" Na Bubu, mgongo umeshageuka, akajibu, "Si nilikuambia usibanduke?"

Ukumbi mzima ulisimama. Wanaume wazima walikumbatiana. Fundi cherehani alijifuta macho kwa tepu.

"Huyo ni nani?" nikamuuliza jirani yangu, aliyekuwa kinyozi.

"Yule dereva! Wa filamu ya kwanza!"

"Dereva si alikuwa mfupi, hana sharubu?"

"Zimeota," akasema kinyozi. "Mtu akisubiri miaka mitatu, ulitaka afanye nini? Tena amekonda, ndiyo maana unamwona mrefu."

Akanieleza kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Katika filamu ya kwanza dereva anamvusha Bubu jangwani siku tatu, risasi zinapita, mpaka kwenye uwanja wa ndege. Ndege ina kiti kimoja. Dereva anauliza, "Na mimi je?" Bubu anamjibu, "Nitarudi kukuchukua. Nikichelewa, usibanduke hapa." Na katika filamu ya pili anarudi. Maneno hayo kinyozi ameyaandika kwenye kioo chake kwa rangi nyekundu. Fundi cherehani huwaambia wateja ambao nguo zao hazijaisha. Na ubishi wowote juu ya wale wanne huishia hapo. Mkongwe, yule wa kwanza, anajua kupiga? Haya, anajua. Kijana anaruka? Haya, aruke. Nani alimrudia mtu wake?

Baada ya filamu, Sauti alinifuata nje, kwenye jukwaa la stesheni ambalo sasa watu huanika nguo.

"Mgeni, ulicheka mahali wenzako walipolia."

"Nilikohoa."

"Ulicheka. Ile lugha unaijua." Akakaa juu ya mzani wa mizigo, ukalia chini yake. "Miaka ishirini na miwili nimetangaza treni hapa. Imefika, imechelewa, imeondoka. Ukweli mtupu, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi."

Lugha ile alijifunza kwa mainjinia waliokuja kufunga taa za reli. Alikuwa mkalimani wao. Treni ziliposimama, mkewe alikuwa ameshafariki, na binti yake alikuwa ameolewa mbali. Mume wa dada yake ndiye aliyeichukua bohari, akafunga mashine za sinema, akampa shemeji yake chumba cha uani na kile kiti.

"Kwa nini uliyabadilisha?" nikauliza.

"Wengine sijawabadilisha hata neno, nakuapia. Wa kwanza, wa pili, hata yule kijana na matusi yake. Ila siku ya kwanza tulipoonyesha ile ya Bubu, dereva akauliza, 'Na mimi je?' Ukumbi kimya, umenigeukia mimi, si pazia. Nami nimeshasikia Bubu alichojibu. Nikaona haya kukisema. Shem alikuwa pale, kwenye mashine, anauona uso wangu. Akaninong'oneza, 'Sema kitu kizuri, Sauti, chochote.' Nikasema. Filamu ya pili ilipokuja ikabidi dereva apatikane. Nilimtafuta filamu nzima, nikamwona yule wa maua."

Nikacheka, naye akacheka. Kisha akanishika mkono.

"Kaa nayo hiyo. Si kwa ajili ya Bubu. Mimi nina kiti kimoja tu duniani."

Nikamwambia nitakaa nayo.

Asubuhi ya pili shemeji yake alinialika chai nyumbani. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mkono mwepesi wa kukumiminia kabla kikombe hakijaisha. Yeye ni wa Mkongwe, yeye na wazee wengine watatu.

"Miaka tisa," alisema, "miaka tisa nanyamazishwa ndani ya ukumbi wangu mwenyewe! Nikifungua tu mdomo: nani alimrudia mtu wake? Nani alimrudia mtu wake? Hata mke wangu, huyu hapa, ni wa Bubu."

"Niache na sufuria zangu," akasema mkewe.

"Sasa Sauti amekuambia, eh? Usijali, mimi ndiye niliyemwambia abadilishe. Shem wangu huyo, tunakula sahani moja. Ila kuna kitu ananificha tangu siku ile. Hebu nipe tu, tucheke mimi na wewe. Yule mpumbavu anasema nini hasa?"

Nilijiona niko salama. Siri alikuwa nayo tayari, nilikuwa naongeza maneno matatu tu. Na chai ilikuwa nzuri. Nikamwambia.

Alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Wewe una miguu!" akasema. "Anamwachaje mtu jangwani anamwambia una miguu!" Akayarudia akinisindikiza mlangoni, taratibu, kama anayepima kiatu.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya filamu ya kwanza ya Bubu, na ukumbi ulijaa kabla ya saa tisa. Kama kawaida, ubishi ulitangulia filamu. Mwenye ukumbi alikuwa kwenye mashine zake, anamsifia Mkongwe anavyopigana ndani ya lifti.

"Lifti, lifti," akasema fundi cherehani. "Miaka yote hatoki kwenye lifti. Baba, tunakuheshimu, mashine ni zako. Lakini tuambie, nani alimrudia mtu wake?"

Watu wakaangua kicheko. Sauti naye alicheka, akipuliza kwenye soksi kupima sauti. Pumzi ilisikika ukumbi mzima, kisha ikakatika. Mwenye ukumbi alikuwa amechomoa waya.

"Hakuna aliyemrudia mtu," akasema. Uso ulikuwa umemwiva. "Bubu hajawahi kusema hivyo. Mnalia kila mwaka kwa maneno ya shemeji yangu. Mnataka kujua Bubu alisema nini? Mgeni yule pale amezunguka dunia, lugha anaijua. Muulizeni."

Vichwa vyote viligeuka. Sauti peke yake hakugeuka, alibaki anautazama ule waya. Nilikuwa na muda wa kusema uongo, tena wa kutosha.

"Anasema, 'Wewe una miguu,'" nikasema.

"Na yule wa maua?" akauliza fundi cherehani.

"Ni mtunza bustani, mama."

Nilitegemea kelele. Kilichosikika ni benchi moja likilia mtu alipohama. Kinyozi ndiye aliyeanza.

"Kioo changu, Sauti. Miaka tisa watu wanajitazama humo."

"Mimi nimewaambia wateja wangu maneno yale," akasema fundi cherehani, "nikijua kuna mtu aliyasema."

"Kuna mtu aliyasema," Sauti akajibu. Bila kipaza sauti, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani.

"Nani?"

"Mimi."

"Wewe?" Yule mama alimtazama kama kitambaa alichouziwa kwa jina lingine. "Wewe ulimrudia nani?"

Sauti alimgeukia mwenye ukumbi. "Shem. Ulikuwa umekaa hapo hapo. Waambie ulichoninong'oneza."

Mwenye ukumbi alikuwa anauviringisha waya kidoleni. Nadhani hapo ndipo alipoona alichokivunja. Mbele yake palikuwa na watu waliokuwa wakirudi kila wiki kwa ajili ya ile soksi, si kwa ajili ya jasusi yeyote. Angeweza kusema sentensi moja. Watu wangemkasirikia yeye kidogo, Sauti kidogo, kisha wangecheka.

"Mimi yangu ni mitambo tu," akasema. "Lugha siijui."

Sauti alitikisa kichwa polepole, kama anavyofanya mtu aliyesikia treni imefutwa. Akaivua soksi kwenye kipaza sauti, akaikunja, akaitia mfukoni. Kipaza sauti akakilaza kitini. Aliponifikia hakusimama.

"Nilikuambia ukae nayo," alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Filamu ilionyeshwa, maana watu walikuwa wameshakaa. Midomo ilicheza, mnong'ono ukapita, hakuna aliyeelewa kitu. Walitoka mmoja mmoja. Wale wazee watatu wa Mkongwe nao walitoka, bila hata mmoja wao kumpongeza mwenzao.

Asubuhi kipuri kilikuwa kimefungwa na basi linanguruma mbele ya stesheni. Sauti alikuja na mkoba mmoja. Ulifungwa na dada yake, ambaye alikuja nyuma yake akiwa amevaa kandambili za jikoni, macho yamevimba, asiweze kumlaani mume wala kumzuia kaka. Anaenda kwa binti yake, akasema. Kondakta akamwambia basi limejaa. Nikashuka, nikamwambia kondakta ampe kiti changu. Basi jingine lilikuwa siku nne mbele. Sauti alikipokea bila ahsante, na sikuitegemea.

Mwenye ukumbi hakuja. Jana yake jioni alikuwa amenigongea mlango wa gesti, hanitazami, akiuliza kama ningeweza kushika kipaza sauti siku mbili tatu, filamu ya Kijana imeshatangazwa. Nilikuwa bado sijamjibu.

Waliokuja ni kinyozi na fundi cherehani, na wengine kama kumi, wakasimama mbali kidogo, kama watu waliopita njia tu. Basi lilipoanza kusogea, fundi cherehani akatoka mbio, tepu ikipepea, akagonga bodi chini ya dirisha.

"Kaka Sauti! Na sisi je?"

Sauti alitoa kichwa nje. Sote tulijua anachopaswa kusema. Kinyozi alikuwa tayari ameanza kuyatamka midomoni, kama anavyofanya kila mwaka. Sauti aliwatazama mmoja mmoja, mpaka kwa dada yake, mpaka kwangu. Kisha akatafsiri, neno kwa neno, kwa ile sauti ya zamani ya kutangaza treni.

"Nyinyi mna miguu."

Basi likakata kona ya bohari. Fundi cherehani alibaki na kiganja hewani, pale bodi ilipokuwa. Baadaye kidogo akanigeukia, mimi na begi langu katikati ya barabara.

"Mgeni," akasema, "hivi ndivyo alivyosema yule Bubu? Kwa sauti hiyo hiyo?"

"Hapana," nikamwambia. "Yule alikuwa anacheka."